Maduara Mia Moja

Chanya huandikwa haraka. Vikionekana vijifimbo viwili vitatu vyekundu juu ya uwanja wa bluu, ubishi umekwisha na kilichobaki ni kuhesabu. Hasi ndiyo yenye kazi. Sisi tuliofunzwa kusoma slaidi za kifua kikuu tulitakiwa kupitia maduara 100 kabla ya kuandika hasi kwenye rejista: unasogeza kioo chini ya lenzi, unatazama duara jipya, unasogeza tena, bila kurudi ulikopita. Nilianza kazi hiyo mwishoni mwa miaka ya themanini nikaifanya hadi kustaafu, sehemu kubwa katika hospitali moja ya wilaya mkoani Tanga. Kila ninaposoma historia ya ugonjwa huu naikuta imeandikwa upande wa chanya: fulani aligundua, fulani aliona. Nataka kuisimulia upande wa pili, wa wale walioambiwa hawana, kwa sababu huko ndiko wengi walikopotelea.

Hasi za kwanza ziliandikwa na mabingwa wenyewe. Hadubini zilikuwako Ulaya kwa zaidi ya miaka 200, na mapafu ya waliokufa kwa kifua kikuu yalipasuliwa na kutazamwa na watu hodari, wasione kitu. Kimelea kilikuwamo. Ukuta wake una nta ambayo rangi za kawaida haziipenyi, na kisiposhika rangi hakionekani. Mwaka 1865 Mfaransa Villemin aliwaambukiza sungura kwa kuwadunga usaha wa wagonjwa, akathibitisha kwamba ugonjwa unahama kutoka mwili hadi mwili. Wengi hawakumsadiki, kwani hakuwa na kimelea cha kuwaonyesha. Wakaendelea kusema ni ugonjwa wa ukoo, au wa watu wenye umbile dhaifu.

Jioni ya tarehe 24 Machi 1882, mbele ya Chama cha Fiziolojia cha Berlin, Mjerumani Robert Koch alipanga mezani sampuli zaidi ya 200 na kuwaita watu waje watazame. Alikuwa ameviacha vioo vyake ndani ya methilini bluu iliyotiwa potashi kwa muda wa saa 24, kisha akavipitisha kwenye rangi ya kahawia. Kila kitu kiligeuka kahawia isipokuwa vijifimbo vyembamba vilivyogoma kuachia bluu. Aliwakumbusha wasikilizaji kwamba katika kila watu saba wanaokufa, mmoja huuawa na ugonjwa huu.

Paul Ehrlich alikuwamo ukumbini. Inasimuliwa kwamba alirudi maabara, akaviweka vioo vyake juu ya jiko la chuma lililozimika ili vikauke, na asubuhi mtu akaliwasha bila kujua. Vilipotazamwa, vimelea vilikuwa vimeshika rangi kuliko wakati wowote. Joto ndilo lililoifungua nta. Ehrlich akaongeza jambo la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi: akaosha kioo kwa asidi kali. Vitu vyote vikaachia rangi, kimelea hiki kikakataa. Muda mfupi baadaye Franz Ziehl na Friedrich Neelsen, Wajerumani pia, walirekebisha dawa za kuchanganyia rangi, na kufikia 1883 njia ilikuwa imekamilika. Zaidi ya miaka 100 baadaye mimi nilifundishwa njia ile ile kwa jina lile lile, ZN, na sijui fani nyingine ya hospitali iliyokaa na chombo kimoja muda mrefu hivyo bila kuona aibu.

Koch alifika kwetu. Alikuwa Dar es Salaam na Usambara mwaka 1897 na 1898, akarudi 1905, akafanya kazi Amani, milimani juu ya Muheza. Safari hizo hazikuwa za kifua kikuu. Alifuata malaria, tauni ya upande wa Kagera, na homa ya papasi, ambayo vimelea vyake alivichunguza ndani ya papasi wenyewe. Mwishoni mwa mwaka huo huo wa 1905 akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu. Madaktari wengi wa kikoloni waliofuata waliamini kwamba ugonjwa huu ni mgeni huku bara, unaingia kupitia bandari na miji. Huenda palikuwa na ukweli ndani yake. Lakini asiyechukua makohozi ya mwanakijiji hawezi kumkuta na kimelea, na takwimu zake zitatoka safi.

Mwaka 1926 ilianzishwa hospitali ya Kibong'oto, upande wa magharibi wa Kilimanjaro, iwe makao ya wagonjwa wa kifua kikuu. Dawa hazikuwapo. Palikuwa na hewa ya baridi, chakula, mapumziko na muda. Dawa zilipokuja, streptomaisini katika miaka ya arobaini na isoniazidi mwaka 1952, swali la maabara lilibadilika: haikutosha tena kujua nani anaumwa, ilibidi kujua nani amepona na nani dawa imemkataa. Kioo cha ZN hakijibu swali hilo la pili. Kimelea sugu na kimelea kinyonge vina rangi moja.

Ndiyo maana Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilipofanya majaribio ya dawa Kenya, Uganda na Tanganyika, makohozi ya wagonjwa yalipandishwa ndege hadi London yakaoteshwe huko. Majaribio yaliyoanza mwaka 1970, Zambia ikiwamo, ndiyo yaliyoonyesha kwamba tiba yenye rifampisini inaweza kumponya mtu kwa miezi sita badala ya mwaka na zaidi. Dunia nzima inameza dawa kwa kufuata matokeo yale. Wagonjwa walikuwa wetu, vitanda vyetu. Viotesheo vilikuwa vyao, na ndivyo vilivyotamka nani amepona.

Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma. Mshauri wake alikuwa Karel Styblo, daktari wa Chekoslovakia aliyewahi kuugua kifua kikuu mwenyewe akiwa mfungwa wa Wanazi katika kambi ya Mauthausen. Hoja yake ilikuwa nyepesi. Anayeambukiza zaidi ni yule ambaye vimelea vyake vinaonekana kwa hadubini. Mtafute huyo, mtibu mpaka mwisho, na mnyororo utakatika. Hakuna haja ya kungoja eksirei wala maabara za kuotesha. Peleka hadubini kila wilaya, mfundishe mtu, mkague. Shirika la Afya Duniani lilikuja kuueneza mfumo huo kwa jina la DOTS katika miaka ya tisini, na waliokuwa wakisoma slaidi Korogwe na Singida hawakujua kwamba wao ndio mfano.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mgonjwa anatoa makohozi ya kwanza papo hapo, anapewa kopo aende nalo nyumbani, anarudi kesho na makohozi ya alfajiri, kisha anatoa ya tatu. Nusu ya ustadi ilikuwa kupata makohozi badala ya mate. "Shikamoo bibi. Haya ni mate, bibi yangu. Nenda pale nje penye jua, vuta pumzi mara mbili, ya tatu ukohoe kutoka chini kabisa." Na bibi anajibu, "Mwanangu, kikohozi nimekiacha kwenye basi." Tuliwatoa nje makusudi. Jua na upepo vilitulinda kuliko barakoa ambazo hatukuwa nazo.

Halafu unavunja njiti ya mwanzi ili ncha iwe na makali ya kunasa, unachagua sehemu ya njano yenye usaha, unaipaka kwenye kioo upana wa vidole viwili. Ikikauka, unaipitisha juu ya moto mara tatu. Unamwaga fuksini, unapasha kwa taa ya spiriti mpaka mvuke uanze kupanda, usiache ichemke. Unasuuza. Unaweka asidi ya salfuriki kwa dakika tatu, unasuuza, unamalizia na methilini bluu. Mwalimu wangu, mzee aliyeanza kazi kabla ya Uhuru, aliweza kukuambia kwa kutazama kioo kwa macho tu kama umekipaka kinene mno. Hadubini yetu ya kwanza haikuwa na balbu. Ilikuwa na kioo cha kuakisi mwanga wa dirishani, na siku za masika tulisoma polepole.

Matokeo yalikuwa na ngazi. Vimelea 1 hadi 9 katika maduara 100, unaandika idadi yenyewe. Kumi hadi 99, ni jumlisha moja. Kimoja hadi kumi katika kila duara, jumlisha mbili. Zaidi ya hapo, jumlisha tatu, na huyo unamtafuta leo leo. Chanya iliandikwa kwa wino mwekundu, hivyo mkuu wa hospitali aliweza kufunua rejista akajua mwezi umekwendaje kabla ya kusoma jina hata moja. Hasi ilikuwa wino wa kawaida, kurasa kwa kurasa. Vioo vyote vilihifadhiwa kwenye visanduku mpaka mratibu afike na pikipiki yake kuchagua vya kwenda kusomwa upya na mtu asiyejua tuliandika nini. Mwongozo ulisema mtu mmoja asisome zaidi ya slaidi 25 kwa siku, kwani jicho lililochoka huanza kuruka maduara. Ulisema vizuri. Haukusema afanye nini aliye peke yake maabara, mwenye foleni ya malaria mlangoni.

Hadubini ile ile ilisoma ukoma. Unabana ndewe ya sikio damu isipite, unachana kidogo, unakwangua majimaji, unapaka, na asidi ya kusafishia inakuwa hafifu kuliko ya makohozi, maana ndugu huyu hashiki rangi kwa ukaidi kama mwenzake. Hansen wa Bergen alikuwa amekiona kimelea hiki mwaka 1873, miaka tisa kabla ya tangazo la Koch. Kinakaa kwa mafungu, kama vijiti vilivyofungwa kamba. Mpaka leo hakuna aliyefanikiwa kukiotesha kwenye chupa, kwa hiyo hasi ya ukoma haina mahakama ya rufaa.

Ya kifua kikuu inayo, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa ukubwa wa tatizo. Ili hadubini ione kimelea, lazima kila mililita ya makohozi iwe na vimelea kama 5,000 hadi 10,000. Kuotesha kunahitaji 10 hadi 100. Katikati ya namba hizo wamo watu. Styblo alilijua hilo na hesabu yake ilikuwa sahihi kwa taifa: wenye vimelea wachache huambukiza kidogo. Ilikuwa hesabu ya mnyororo wa maambukizi, na aliyekaa kwenye benchi na kikohozi chake hakuja pale kwa ajili ya mnyororo.

UKIMWI ukalifanya pengo hilo kuwa bonde. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Mwaka huo kifua kikuu kiliandikishwa kwa watu karibu 12,000 Tanzania. Miaka 20 baadaye walikuwa zaidi ya 60,000 kwa mwaka. Vimelea hujazana kwa mamilioni ndani ya mashimo ya mapafu, na mashimo hayo huchimbwa na kinga ya mwili yenyewe inapopigana. Mwenye VVU ambaye kinga yake imeporomoka hachimbiki mashimo. Makohozi yake yana vimelea vichache, au ugonjwa uko kwenye tezi, kwenye uti wa mgongo, kwenye utando wa ubongo. Yaani kipimo chetu kilimwona vizuri mgonjwa mwenye nguvu na kumkosa aliyekuwa karibu kufa. Walibebwa kwa machela, wakatoa makohozi mepesi kama maji, nikapita maduara yote 100 kwa uaminifu, nikaandika hasi. Na kitaalamu nilikuwa sahihi.

Madaktari walibuni njia ya kuzunguka. Hasi tatu, mpe antibiotiki za kawaida, mwite tena, mpige eksirei, akiwa hajapata nafuu muanzishie dawa za kifua kikuu kwa makadirio. Wengi waliokolewa na makadirio hayo. Wengine walipewa dawa za ugonjwa wasiokuwa nao.

Rufaa ilikuwa Muhimbili, kwenye maabara kuu ya rufaa ya kifua kikuu. Chakula cha kimelea huko kinaitwa Löwenstein-Jensen, baada ya Mwaustria na Mdenmaki. Kina mayai, chumvi chache, gliserini, na rangi ya kijani ya malakaiti inayozuia bakteria wengine. Mayai yawe mabichi, na kuku wasiwe wamelishwa antibiotiki, vinginevyo unaandaa meza ya sumu na kushangaa mgeni hali. Makohozi huoshwa kwanza kwa soda kali ili kuua vijidudu vingine, na soda hiyo huua pia sehemu ya unachokitafuta. Kisha nyuzi joto 37 na kusubiri hadi wiki nane. Jibu liliporudi wilayani, mgonjwa alikuwa amemaliza awamu ya kwanza ya dawa kwa makadirio ya daktari, au tulikuwa hatumwoni tena.

Na hata kuotesha kuna hasi zake. Kimelea cha ng'ombe, ambacho wafugaji wetu hukipata kwa maziwa mabichi na mara nyingi huvimbisha tezi za shingo, hakiipendi gliserini. Ukikipandia chakula cha kawaida peke yake kinadumaa, unaandika hapana. Uganda wana kisa kikubwa zaidi. Mwaka 1897 Albert Cook wa hospitali ya Mengo alieleza vidonda vikubwa vya ngozi visivyo na maumivu, ambavyo baadaye viliitwa kwa jina la Buruli, eneo lililo karibu na Ziwa Kyoga. Kimelea chake ni cha ukoo huu huu, chekundu kwenye ZN. Lakini kinapenda nyuzi joto 30 hadi 33, na kwenye 37 ya kawaida hakioti. Waaustralia ndio waliokitangaza mwaka 1948. Kuna na jamaa wengine wa ukoo wanaokaa kwenye udongo na maji ya bomba, wasiomdhuru mtu mwenye afya. Hao hutuletea kosa la upande wa pili, wekundu usio wa kifua kikuu, ndiyo maana maji ya kusuuzia slaidi yalitakiwa yachujwe.

Mabadiliko yalipokuja yalikuja kwa pamoja, nami nilikuwa karibu na mwisho wa utumishi. Mwaka 2007 ilitosha kimelea kimoja tu kuandika chanya. Makopo matatu yakawa mawili. Zikaja hadubini za taa za LED, ambazo kwazo vimelea huwaka njano katika giza na duara lake ni pana. Wazo la miaka ya thelathini lililongoja balbu ya bei nafuu.

Morogoro kukawa na jambo jingine. Shirika la APOPO, likiwa ndani ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, liliwafunza panyabuku kunusa makohozi. Mnyama ambaye kusini kwetu wengine humjua kwa mchuzi wake anatembea juu ya matundu kumi, chini ya kila tundu kuna sampuli iliyokwisha kuuliwa vimelea kwa joto, na akinusa kifua kikuu anasimama hapo sekunde tatu anakwangua. Anapewa ndizi iliyopondwa. Sampuli 100 humchukua dakika kama 20. Kazi waliyopewa ilikuwa kupitia upya sampuli ambazo zahanati zilikuwa zimekwisha kuzipima, zikiwamo zote tulizoziita hasi, na wanazozitilia shaka zithibitishwe kwa hadubini. APOPO hutaja ongezeko la takriban asilimia 40 ya wagonjwa katika vituo wanavyoshirikiana navyo. Shirika la Afya Duniani halijawakubali panya kuwa kipimo cha kujitegemea. Baadhi ya wenzangu walikasirika kurudiwa kazi na panya. Mimi nilitaka tu kujua majina ya wagonjwa waliopatikana.

Desemba 2010 iliidhinishwa mashine ya GeneXpert. Unachanganya makohozi na dawa, unamimina kwenye katriji, na ndani ya saa mbili mashine inakuambia kama kuna vinasaba vya kimelea na kama rifampisini itafanya kazi. Kiwango chake cha kuona ni vimelea kama 130 kwa mililita. Katriji mpya ya 2017 inashuka hadi kama 16. Inataka umeme usiokatika na chumba kisichozidi nyuzi joto 30, na anayejua Tanga mwezi Februari atacheka. Hata hivyo mgonjwa aliyekuwa akingoja wiki nane kuambiwa kama ana usugu anaambiwa siku hiyo hiyo.

Jaribio moja la kupima faida yake lilifanyika katika nchi nne za kusini mwa Afrika, Mbeya ikiwa mojawapo ya vituo, na matokeo yakachapishwa katika The Lancet. Mashine ilipata wagonjwa wengi zaidi wenye uthibitisho na dawa zilianza mapema. Lakini baada ya miezi sita, ukubwa wa ugonjwa kwa waliopimwa na mashine na waliopimwa kwa hadubini ulikuwa sawa. Wengine walisoma hapo kwamba mashine haina maana. Mimi nilisoma jambo jingine: madaktari walikuwa wamekwishaacha kuiamini hasi yetu, wakitibu kwa makadirio hata pale kioo kilipokataa.

Hadubini haijaondoka. Mashine husoma vinasaba, na kimelea kilichouawa na dawa huacha vinasaba vyake, kwa hiyo haifai kumfuatilia aliye kwenye tiba. Mwezi wa pili, wa tano na wa sita, makohozi yake bado huletwa dirishani kwa ZN au kwa LED.

Waliobaki ni watoto. Mtoto wa miaka mitatu hajui kukohoa makohozi, huyameza, na vimelea vyake ni vichache tangu mwanzo. Kwa miaka mingi tulimwingizia mpira puani hadi tumboni alfajiri kabla hajala, wanaume wawili wakimshika. Siku hizi kinyesi chake kinaweza kupimwa kwa GeneXpert, na hicho hakina kilio. Hata hivyo wengi wao hutoka hasi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa jedwali la alama kwa watoto walio chini ya miaka 10: kikohozi, homa, uzito, nani anaumwa nyumbani. Alama zikifika kiwango, daktari anaanza dawa, hata kama jibu la maabara ni hasi.